Kilo za Namba Kumi na Saba

Aliyemwambia Sieni kwanza alikuwa wifi yake Losa, muuguzi wa zahanati, tena kwa utani.

"Leo umekumbuka kufunga nywele? Juzi ulikuja hapa umezimwaga mpaka kiunoni, unanukia maua ya langilangi. Ulikuwa unamtega nani, wifi?"

Sieni akacheka kidogo. "Juzi sikuja. Mwanangu Tavita alikuwa na homa, tulishinda ndani."

Losa akaacha kucheka, akafungua daftari. Watoto thelathini wa kijiji walikuwa wakijaribiwa dawa mpya ya kifua, kila mmoja na namba yake na sindano yake moja iliyofungwa tangu mjini Apia. Juzi, namba kumi na saba, Tavita: amechomwa, kilo tisa, hana homa.

Wakampima. Kilo sita na nusu, na mwili unawaka.

"Basi mchome sasa," Sieni akanong'ona.

"Sindano yake imekwisha, wifi. Ya mwenzake siruhusiwi kuigusa."

Losa akampigia simu daktari anayesimamia majaribio. Daktari akasema wafuate daftari, mizani ikaguliwe.

Sieni akampeleka mtoto kwa mganga, bibi Fa'asao. Bibi akaugusa utosi wa Tavita, akaunusa, akaurudisha mkono.

"Huyo aliyekwenda na sura yako ni jini wa mtoni. Naye ana mwanawe, anamtafutia mahali. Karatasi ya ruhusa ulitia sahihi wewe, yeye ameingia kwa jina lako. Kesho kamtoe mtoto kwenye daftari kwanza, mwanangu. Kabla ya hapo sina la kufanya."

Jioni, baada ya sala, Sieni akashusha mapazia yote ya makuti, akamfunga Tavita kifuani kwa kanga, akajilaza, na usiku harufu ya langilangi ikaanza kusogea, kutoka kwenye migomba mpaka kizingitini, kutoka kizingitini mpaka kwenye mkeka, akataka kumwita mumewe aliyelala ubavuni pake lakini ulimi ukawa mzito, akahisi vidole baridi vikilifungua fundo taratibu, taratibu, kama vya mama asiyetaka kumwamsha mtoto.

Alfajiri fundo lilikuwa limefungwa. Mtoto alikuwa mzito, wa baridi, anacheka.

"Unaona?" mumewe akashangilia. "Dawa imefanya kazi!"

Mbali, ng'ambo ya mashamba ya magimbi, kilio chembamba alichokijua, cha Tavita, kikaita mara mbili. Sieni akakimbia na mtoto kifuani mpaka ukingoni mwa mto. Kimya.

Mtoto akaanza kulia kwa njaa. Sieni akakaa juu ya jiwe, akafungua kifua, akamnyonyesha.