Mhakiki wa Pili

Walikutana kwenye duka la fotokopi, foleni imefika mlangoni. Mwenye duka, kwa haraka zake, alichanganya karatasi za watu, na mhadhiri mmoja mwenye gauni la bluu akajikuta ameshika majedwali yasiyo yake.

"Hayo ni yangu," alisema kijana mrefu, shati limechomekwa upande mmoja tu. "Na hivi visima kwenye karatasi nilizopewa mimi?"

"Vyangu. Vyote mia mbili na sita."

"Basi wewe ni Bi Visima."

Jina likamganda. Kijana alikuwa mtakwimu, na kwa miezi mitatu hapakupita siku bila simu: umekula, umefika salama, umenikumbuka au nimejisumbua bure? Neno lenyewe la kupendana, jamani, hakuna aliyelitamka.

Kisha Bi Visima akapeleka makala yake ya utafiti wa visima vya maji kwenye jarida. Isipochapishwa, mkataba wake wa kufundisha haungeongezwa. Jarida lilifuta jina lake na kutafuta wahakiki wawili wa kuipima makala, ambao naye asingewajua. Wiki hiyohiyo mtakwimu akabadilika. Akitajiwa makala, anazungumzia mvua.

"Niangalizie hesabu tu, tafadhali."

"Hiyo siwezi kuigusa."

"Kwa nini?"

"Usiniulize sasa. Nakuomba."

Maoni yalipokuja, mhakiki wa kwanza alimsifu. Wa pili alimchanachana: visima kumi na kimoja vimehesabiwa mara mbili, jedwali la tatu halisimami, aandike upya. Nani mwingine angeona hayo? Akampigia mtakwimu simu.

"Ni wewe."

"Siruhusiwi kusema kitu."

"Unanichana mafichoni, halafu unaniuliza kama nimekula?"

Akakata, namba akaizuia. Alilia, kisha akakaa chini kurekebisha makala. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mhakiki alisema kweli. Vile visima kumi na kimoja vilikuwa na majina mawilimawili, na yeye hakuwa ameona.

Makala ilipokubaliwa, alimkuta mtakwimu nje ya ofisi yake, shati lilelile, karatasi mkononi.

"Mhariri wa jarida ameniruhusu kusema sasa. Waliniomba niihakiki. Ukurasa wa pili tu nikavijua visima vyako, nikajitoa. Soma."

Ilikuwa fomu ya jarida. *Je, una uhusiano wowote na mwandishi?* Chini yake alikuwa amejibu: *Ndiyo. Nampenda. Mwenyewe bado sijamwambia. Tafadhali mpeni mhakiki mwingine, aliye mkali.*

Alisoma mara mbili.

"Kwa hiyo mhariri alijua kabla yangu."

"Alijua. Alinijibu nijikaze."

"Na huyo mkali alikuwa wa nini?"

"Nilitaka ukipita, ujue umepita mwenyewe."

Bi Visima alitoa kalamu mkobani, akaiweka fomu ukutani, akaandika chini ya jibu lile: *Imekubaliwa, kwa marekebisho madogo.*

Mtakwimu alisoma, macho yamemlowa. "Marekebisho gani?"

"Chomekea hilo shati," alisema, na akaanza kumchomekea yeye mwenyewe.