Ugonjwa wa Kusingiziwa

Mbuzi wa Jattani ndiye aliyeanza. Alimponyoka pale soko la mifugo, akakata barabara kama mwenye miadi na mtu, akaingia kibandani kwa Kaltuma, muuza mitandio, na kung'ata mtandio wa zambarau uliokuwa ukining'inia mlangoni.

Kaltuma akatoka na dera lake la manjano na hasira za kumtosha. Nyuma ya mbuzi akaja kijana mrefu, kikoi kimefungwa vibaya, fimbo kwapani, anahema.

"Salaam aleikum, dada."

"Waaleikum salaam. Huyu mbuzi yako ana macho kuliko wewe. Amejua kuchagua."

"Ameniangalizia rangi ya harusi."

"Harusi ya nani?"

"Sijajua bado. Nipe namba, nikijua nitakupigia."

Kaltuma akacheka, na ukishacheka mbele ya dalali wa mbuzi, bei yako imeshashuka.

Tangu hapo simu hazikulala.

"Umekula?"

"Kwani wewe ni mama yangu?"

"Mama yako hawezi kukupigia akiwa juu ya lori la ng'ombe."

Miezi ikaenda. Jattani alipoanza habari ya kutuma wazee kwa kina Kaltuma, mtaa wa Bulla Pesa, msichana alimwambia, "Ngoja Ijumaa. Kuna jambo lazima ulisikie kwa mdomo wangu."

Jambo lenyewe alikuwa nalo tangu kuzaliwa. Kaltuma alizaliwa na virusi vya ukimwi na akakua kwa vidonge. Mama yake, Wato, alivimeza pia, lakini neno hilo halikuruhusiwa kutamkwa ndani ya nyumba. Majirani wakiuliza mtoto anafuata nini hospitali, Wato alisema ana ugonjwa wa moyo. Shuleni, moyo. Akamkataza kukimbia na kubeba maji, ili uongo usimame vizuri.

Ijumaa ikafika, Jattani hakufika. Simu ikaita mpaka ikachoka. Jumamosi hivyo hivyo. Kaltuma akaamini kuna mtu amemmwagia siri, na mwanamume amekimbia. Hakulia. Alifunga kibanda, akajitanda mtandio mweusi kama anayekwenda mahakamani, akashika njia ya soko la mifugo.

Alimkuta Jattani katikati ya mbuzi, macho yamemtumbukia.

"Umeogopa?"

"Nimeogopa."

"Angalau unasema. Wengine husingizia safari."

"Kaltuma, ningefanya nini? Mama yako aliniita akaniambia ukibeba mimba moyo wako utasimama. Kwamba daktari amekataza usiolewe. Akalia. Sikujua nikuambie nini, nikanyamaza."

"Moyo."

"Si ni moyo?"

Mzee aliyekuwa akikagua meno ya beberu aliacha kukagua. Kaltuma akamvuta Jattani nyuma ya lori.

"Moyo wangu hauna kitu. Nina virusi vya ukimwi. Nilizaliwa navyo, nameza dawa kila siku, na kwa kipimo havionekani. Siwezi kukuambukiza, na naweza kuzaa mtoto asiye navyo. Hilo ndilo lilikuwa la Ijumaa. Sasa kimbia vizuri, ukijua unakimbia nini."

Jattani aliegemea lori.

"Nimekuzika, Kaltuma," alisema. "Kila nikilala nakuzika. Kumbe uko hapa mzima unanitukana."

"Bado sijaanza."

"Niache nifikirie kidogo."

"Fikiria. Mimi nina mtu wa kuona nyumbani."

Wato alikuwa mkekani akichambua mchele.

"Umemwambia nini Jattani?"

"Maneno ya kumwondoa bila aibu," Wato alijibu, macho kwenye sinia. "Akikuacha kwa sababu ya moyo, watu watakuhurumia. Akikuacha kwa ile nyingine, Bulla Pesa yote itakuimba."

"Ile nyingine ina jina."

"Punguza sauti. Asho wa nyumba ya pili anafagia hapo nje."

"Asho asikie. Mama, sijawahi kuruka kamba. Miguu ninayo, pumzi ninayo, na nilikaa ukutani kama mzee nikiangalia wenzangu, juu ya moyo ulioniokotea wewe. Kliniki wanatuambia tuje na watu wa nyumbani. Wengine wanakuja na baba, na shangazi. Mimi naja na mkoba wangu."

"Nilikuwa nakuficha."

"Ulikuwa unajificha wewe."

Mikono ya Wato ilisimama. "Nikilitaja, nimekubali ni mimi niliyekupa."

"Hilo nilikusamehe kabla sijaota meno. Moyo ndio sijakusamehe."

Simu ikalia. Jattani. Kaltuma akaweka spika, akamkabidhi mama yake. "Mwambie wewe."

Wato aliishika kwa mikono miwili kama kikombe cha moto.

"Jattani, mwanangu. Nilikudanganya. Moyo wake ni mzima. Binti yangu ana..." Huko nje ufagio ulinyamaza. "Ana virusi vya ukimwi. Alivipata kwangu. Mimi pia ninavyo."

"Ameshaniambia, mama. Nilipiga kumuuliza kama kuna mtu hapo nyumbani atasimama na sisi. Sikutaka tulibebe wawili tu."

"Nipo," Wato alisema. "Kliniki ijayo naenda naye. Anayetaka kutazama atazame."

"Basi wazee wangu waje?"

Kaltuma akainyakua simu. "Usimuulize mama, si yeye unayeoa. Niambie kwanza: kama ningekuwa na huo moyo mbovu kweli, ungenyamaza mpaka lini? Mpaka nizikwe?"

"Mpenzi..."

"Mpenzi baadaye."

"Nilikosa. Nilifaa nije nikuulize. Nakuja sasa hivi."

"Kuja. Mchana huu huu, kwa mlango wa mbele, majirani wakikuona. Nitakubali, hilo usihangaike nalo. Lakini kwanza utakaa hapa, mimi na mama yangu mbele yako, na nitakukasirikia mpaka nimalize."

Akakata simu. Wato akasogea, akampa nafasi mkekani, na wote wawili wakakaa bega kwa bega wakiukodolea mlango macho.