Kopo la Mzee Bwalya

Mikono miwili ilishika kopo moja, na hakuna aliyetaka kuachia.

Ilikuwa mwanzo wa Desemba, katikati ya mji wa Lubumbashi, kwenye meza za mafundi wa shaba. Watu walisukumana wakitafuta zawadi za Noeli, redio zilipiga nyimbo zisizopatana, na mawingu ya mvua yalikuwa yameshuka karibu na mapaa. Mkono mmoja ulikuwa wa Benita, mwalimu wa shule ya msingi, aliyevaa kitenge cha kijani na blauzi nyeupe ya mikono mipana. Mwingine ulikuwa wa kijana mrefu mwenye shati la bluu lililopigwa pasi hadi kola.

"Pardon, mama," kijana alisema.

"Mama ya nani? Niko na sura ya mama yako?"

"Basi, dada muzuri. Hii kopo naitaka juu ya papa yangu. Anapenda pombe sana."

"Na wangu anapenda maji? Papa Anaclet alitumika ku treni mpaka akazeeka. Sasa kazi yake ni kukaa ku baraza na chupa yake. Kila Noël namupatia kifunguo ya chupa, na kila siku anafungua na meno!"

Kijana alicheka hadi akaegemea meza. Fundi Alphonse, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitikisa kichwa.

"Batoto, kopo ni hii moja. Kuna muntu aliniomba nimutengenezee, akataka nichonge samaki ndani, pale chini. Nikachonga. Hakurudi tena. Nimemungojea miaka mingi mpaka nimechoka. Lakini mushike vizuri, muone vile iko baridi."

Lilikuwa baridi kama kitu kilichotolewa mtoni sasa hivi, ingawa lilikuwa limekaa karibu na moto wa fundi.

Kijana akaachia. "Chukua wewe. Papa yako atakunywa Noël hii. Wangu anaweza kungojea."

Akanunua kifunguo cha chupa chenye mpini wa mti. Mvua ikaanza kudondoka. Badala ya kukimbilia kwa Benita, alimfunika kwanza kwa mwavuli wake mama mmoja aliyeuza uyoga chini, akasubiri mpaka mama yule akakusanya vyote. Benita aliliona hilo. Kwa hiyo kijana alipokuja kumwomba namba ya simu, Benita hakusita kumpa.

Jina lake lilikuwa Hénoc, fundi wa friji. Jioni ile ile simu ililia.

"Allô, mwenye kopo?"

"Allô, mwenye kushindwa."

"Nimeshindwa wapi? Wewe umepata kopo, mimi nimepata namba."

Wakazoea kusikilizana kila siku. Alimwita chérie, naye akamwita muganga wa friji, na walipokutana Hénoc alimpa Benita upande mkavu wa njia. Lakini kila Benita alipouliza, "Utanipeleka lini nisalimie papa yako?" jibu lilikuwa lile lile.

"Papa iko mu safari, chérie," Hénoc alijibu. "Akirudi."

Kisha akaja Mado, binamu yake Benita, aliyekaa mtaa mmoja na akina Hénoc.

"Papa gani, Benita? Muzee Bwalya alizama mu muto Luapula, kule Kasenga, tangu Hénoc iko mutoto. Na kila Noël banamuwekea pombe mbele ya kiti yake. Kiti tupu! Na pombe inaisha. Mi niliona na macho yangu. Ile nyumba, uachane nayo."

Benita alipiga simu papo hapo.

"Hénoc, papa yako iko muzima?"

Alisikia mvua ikipiga bati upande wa pili.

"Chérie, ngoja nikuelezee..."

"Jibu tu."

"Hapana."

"Sasa zawadi unamununulia nani?"

Benita akazima simu, na kwa siku nyingi hakuiwasha ila kwa mambo ya shule.

Siku ya Noeli, baada ya misa na chakula, alimpa baba yake kopo. Papa Anaclet alifurahi kama mtoto. Benita akammiminia pombe. Mzee akageuka kuchukua karanga, na aliporudisha macho kopo lilikuwa nusu.

"Umeninyweya, wewe?"

"Hapana, papa."

Akamimina tena, nao wote wawili wakaangalia. Povu lilitulia. Kisha, bila mkono wa mtu, pombe ikaanza kushuka, polepole, kama inavyonywewa na mwenye kiu aliyefundishwa adabu. Harufu ya samaki wa kukausha ilipita mezani, halafu ikapotea.

Papa Anaclet hakupiga kelele. Alivua kofia.

"Hii kopo iko na mwenyewe," alisema. "Siwezi kunywa naye akiwa amesimama. Murudishie, mama."

"Nitamupata wapi?"

Lakini alipouliza tu, akaliinamisha kopo na kumwona yule samaki. Akakumbuka Kasenga. Akakumbuka mtu aliyeliagiza kwa fundi na hakurudi.

Kesho yake alibisha mlangoni kwa akina Hénoc, mvua ikinyesha. Mama Hortense, mama yake Hénoc, alimkaribisha bila kuuliza lolote, akampa taulo ajifute. Sebuleni kulikuwa na kiti chenye kitambaa cheupe. Mbele yake, mezani, zilipangwa zawadi za Noeli zote zilizopita: glasi, bilauri za udongo, vifunguo vya chupa. Hakuna hata moja iliyokuwa na vumbi.

Hénoc alisimama mbali, akiogopa kusogea.

"Papa alikwenda kununua samaki," alisema kwa sauti ndogo. "Mutumbwi ukapinduka. Hakuna aliyeona mwili, na mama akakataa kilio. Kila Noël ananiuliza, umemununulia papa nini? Nimujibu nini, Benita? Na kuoa, anasema siwezi kupeleka pombe kwa bakwe bila papa yangu."

"Ungeniambia."

"Niliogopa utakimbia."

"Nilikimbia juu ya uongo. Hapana juu ya papa yako."

Akafungua mfuko na kumpa Mama Hortense kopo. Mama aliliinamisha, akampapasa samaki kwa kidole.

"Aliniambia ku mulango, asubuhi ile," alisema. "Nikirudi, Hortense, nitakunywa Noël mu kopo yangu ya mukuba, shaba safi, iko na samaki." Akaliweka shavuni. "Angalia vile iko baridi. Amelowa sana, masikini."

Hénoc alikuwa hajawahi kusikia habari za kopo hilo. Alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti.

"Mama," Benita alisema, "mukuje naye kwetu. Na kopo yake."

Siku ya Mwaka Mpya walikuja. Hénoc alivaa suti nyeusi na kubeba kreti ya pombe, chupa zikigongana kila hatua. Mama Hortense, katika kitenge cha zambarau, alilikumbatia kopo kwa mikono miwili. Papa Anaclet alikuwa amepanga viti vitatu vya wageni, na kwenye cha tatu ameweka mto wake mwenyewe, ule asiomwazima mtu. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Pombe ya posa hainywewi kabla binti hajaulizwa. Akikataa, chupa zinarudi zilikotoka. Hénoc alifungua ya kwanza kwa kile kifunguo cha mpini wa mti, akajaza kopo, akaliweka mbele ya kiti cha tatu.

"Benita," Papa Anaclet aliuliza, "hii pombe ya akina Hénoc, tunywe?"

Pazia lilijiinua, na nje hakukuwa na upepo. Ndani ya kopo pombe ilianza kushuka, ikashuka mpaka samaki akaonekana. Mado, aliyekuwa mlangoni na sahani, alijikinga nyuma ya ukuta.

Mama Hortense alinyoosha mkono akaligusa.

"Ina joto," alinong'ona. "Amefika." Machozi aliyoyazuia miaka yote yakatoka, naye Papa Anaclet akampa leso yake.

Hénoc alimwangalia Benita. Benita alikuwa bado hajamjibu baba yake.

"Mukunywe, papa," Benita alisema. "Mwenye kopo ameshaanza."