Picha ya Kulinganishia

Kisomaseli, mtambo wa kupima ubongo, kilizunguka kichwa cha Ndahani kikinguruma kwa upole, na picha ya ubongo wake ikajitokeza hewani, kubwa kama tikiti, kijani kitupu. Seli ya ubongo ikiumia hutengeneza protini za dharura, kazi yake kuzishikilia protini nyingine zisiharibike. Penye protini hizo nyingi, mtambo hupaka rangi nyekundu.

"Mzima," alisema Daktari Kiwelu, mkuu wa zahanati ya wajenzi wa mnara mpya wa Dodoma. "Kesho apande kazini."

"Mzima gani, daktari?" mkewe Ndahani, Nyemo, alidakia. "Tangu aanguke anatia chumvi kwenye chai, na anainywa!"

Sekela, fundi wa mtambo, aliikazia macho ile picha. Miaka miwili hakuona doa jekundu, na wajenzi huanguka kila wiki. Vijiweni walisema kampuni imemweka daktari mfukoni. Lisemwalo lipo, Sekela alijiambia.

Kiwelu alipokwenda kula, Sekela aliwaambia Ndahani na Nyemo wasubiri, akafunga mlango na kuupekua mtambo. Mchawi wake, Kiwelu, alikwishamjua. Alitaka ushahidi tu. Wapi! Hakukuta mkono wa mtu. Mtambo ulilinganisha kila mgonjwa na picha moja ya ubongo mzima, na wakifanana ulipaka kijani. Picha ile ilikuwa ya Sekela mwenyewe. Kila asubuhi kwa miaka sita alijilaza wa kwanza, kama alivyofundishwa, ili mtambo upate mfano wa siku.

Akamgeukia mkewe Ndahani.

"Dada Nyemo, hebu lala wewe kidogo."

Akaiweka picha ya Nyemo mahali pa yake, akampima Ndahani upya. Ubongo ukawaka mwekundu kuanzia kwenye paji hadi kisogoni.

"Si nilisema?" Nyemo alilia. "Si nilisema mimi?"

Sekela akajipima. Mwekundu vilevile. Hakuwahi kuanguka wala kupigwa. Kilichogusa kichwa chake kila siku ni kisomaseli peke yake. Aliogopa, na alimwonea haya daktari aliyemshuku bure.

Kiwelu aliporudi na kuelezwa, alizitazama picha zote mbili nyekundu, akaketi kwa kishindo. "Tumewapandisha wangapi, Sekela?"

"Mia tatu na kumi. Sahihi zote zangu."

"Ndahani hapandi. Waite wote."

Sekela akaanza kupiga simu, jina kwa jina. Sita waliitika. Simu ya saba ilipokewa na mjane.