Bangili Zilizowasha Taa

Mhandisi alikutwa sakafuni mwa maabara yake, kisogo kimepasuka kwenye kona ya meza ya chuma. Daktari wa polisi alisema hakujikwaa, alisukumwa.

Mezani palikuwa na vipande vya platini, bei yake nyumba nzima. Havikuguswa. Kilichong'olewa ni kibati kimoja chenye matundumatundu, kutoka kwenye seli inayogeuza methanoli, aina ya spiriti, kuwa umeme. Mwizi gani huyo wa kuacha nyama akaiba mfupa?

"Kibati cha nini?" aliuliza Inspekta Msumari.

"Elektrodi, afande, pale umeme unapozaliwa," alijibu msaidizi wa maabara, macho mekundu. "Dhahabu. Tuliichanganya na fedha, asidi ikaila fedha, dhahabu ikabaki kama sifongo. Tukaipaka platini kiduchu. Methanoli ikipita mle, taa inawaka."

"Dhahabu mlitoa wapi?"

"Bangili za marehemu mke wa bosi. Yule aliyekufa kwa moto. Bosi alikuwa anaongea na ile taa. Anaisalimia kabisa! Mimi nywele zinanisimama."

"Nani mwingine alijua?"

"Mama mkwe wake. Jana alikuja kuonyeshwa."

Msumari alimkuta mama mkwe ameketi kitandani, madirisha yote yamefungwa, chumba kinanuka spiriti. Amepakata kitu ndani ya kitambaa, anakibembeleza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sema polepole. Amelala."

"Ulimsukuma mkweo?"

"Nilimsukuma. Aliniita kwa furaha, eti, 'Mama, njoo umwone, bado anawaka!' Anawaka! Siku ile ya moto mimi nilisimama nje, mlango umekwama, namsikia mwanangu akiungua. Halafu huyu amchome tena kila siku, apate mwanga? Nikamwambia, mzime. Akacheka, akaniziba njia. Sikwenda kuua, baba. Nilikwenda kumtoa mwanangu motoni. Safari hii nimemtoa."

Msumari aliketi kando yake. Alitamani kunyamaza, akashindwa.

"Mama, kile kibati ni kichocheo tu. Kinachoungua ni methanoli. Dhahabu inaisaidia, yenyewe haiungui."

"Haiungui?"

"Hata chembe."

Mama alikifunua kitambaa, akapapasa vile vitundu kwa kidole, kimoja kimoja.

"Kumbe hakuwa anaumia," alisema. "Sasa mumewe nimemuulia nini?"