Futari ya Gharnata

Mwaka ulikuwa 2024, na majira yalikuwa kiangazi, jua la Januari likiyachoma mabati ya soko la Chake Chake tangu asubuhi. Siku hiyo gari jeupe la hoteli lilikwama katikati ya njia ya sokoni: mbele mkokoteni wa ndizi, nyuma pikipiki tatu na mwanamke aliyebeba kuku. Honi zilipigwa. Hakuna aliyesogea.

Dereva alikuwa Maher, kijana mrefu wa Micheweni aliyekaa kwa shangazi yake, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na jasho lililoiharibu pasi hiyo. Alikuwa akijaribu kurudi nyuma, na kila aliporudi, nyanya za mtu zilisagika.

"Kata kushoto!" ilisema sauti ya mwanamke dirishani.

Akakata.

"Kushoto kwako, si kwangu! Ebo! Leseni uliipata kwa kufundishwa au kwa kuombewa dua?"

Maher akageuka. Aliyesimama pale alikuwa Thuraiya, mwalimu wa hisabati, binti wa mtaa wa Jadida, Wete. Alivaa baibui jeusi lenye tarizi ya zambarau mikononi na mtandio wa rangi ya ndimu mbivu, na alikuwa akiyaongoza magari kwa mwavuli wake uliofungwa. Uso wake ulikuwa umekasirika, na hasira ilimpendeza.

"Nielekeze basi, mwalimu," alisema Maher.

"Nani kakwambia mimi ni mwalimu?"

"Nani mwingine humkaripia asiyemjua kwa kujiamini namna hiyo?"

Thuraiya alijizuia asicheke, akashindwa. Alimwelekeza mpaka gari likatoka, na kabla ya adhuhuri Maher alikuwa na namba yake ya simu, aliyoiomba kwa adabu na kupewa kwa masharti.

"Usinipigie wakati wa masomo. Usinipigie wakati wa sala. Na ukiniandikia, andika maneno mazima. Sisomi vipande vipande."

"Na kukupenda je, kuna ratiba?"

"Angalia mbele, Bwana Maher. Kuna mbuzi."

Wakapendana. Kufikia mwezi wa Februari, Bi Asya, mamake Thuraiya, alikuwa amekwisha kuambiwa, naye akamwambia mumewe, Mzee Thabit, mtu wa maneno machache ambaye mashamba ya babu yake yalibaki kuwa mikarafuu michache nyuma ya nyumba na vitabu vingi vya Kiarabu ndani yake. Mzee Thabit hakukataa wala hakukubali. Alisema atamtazama kijana kwanza.

Machi ilipoingia, hoteli ya Maher ilifungwa kwa sababu ya mvua za masika. Saud, binamu yake aishiye Uingereza, na Hudhaifa, aliyesoma naye Wete na sasa anafanya kazi Malaga, walimwita wazunguke pamoja kusini mwa Hispania kwa gari la kukodi lenye vitanda, jiko na choo.

"Choo kiko ndani ya gari?" aliuliza Thuraiya kwenye simu.

"Ndani, laazizi."

"Na jiko?"

"Mkabala na choo."

"Maher! Unaiacha nyumba ya shangazi yako ukalale baina ya choo na sufuria, tena Ramadhani?"

"Saud hana likizo nyingine. Na tutafika Qurtuba na Gharnata, miji ya Waislamu wa zamani. Babako mwenyewe kasema niende nikayaone majumba ya waliotutangulia."

Ni kweli. Mzee Thabit alisema, "Aende. Akirudi na akili zaidi ya aliyoondoka nayo, tutazungumza."

Thuraiya alikuwa amekwisha kupiga hesabu. "Jua la kule linachelewa kuzama kuliko letu kwa takriban saa tatu. Kwa adhana yetu nitafungua kwa tende na maji, lakini sahani yangu nitaiweka. Tutafuturu pamoja kwa Magharibi yako."

"Utakaa na njaa kwa ajili yangu?"

"Unataka nifuturu na nani, na ukuta?"

Maher aliondoka akiwa na furaha ya mtu asiyejua gari la namna ile lina mambo gani. Siku za mwanzo simu zilijaa malalamiko. Saud aliliingiza gari katika kijiji cha nyumba nyeupe, kwenye kichochoro chembamba kuliko vichochoro vya Mji Mkongwe, likabana kati ya kuta mbili. Kioo cha pembeni kikaondoka.

"Bibi mmoja katoka dirishani anatufokea Kispanyola," alisimulia Maher. "Sikufahamu hata neno. Lakini naapa, mpenzi, alikuwa anatwambia kushoto kwenu, si kwangu."

"Mheshimu bibi huyo. Kisha?"

"Kisha Saud kasema haendeshi tena. Sasa naendesha mimi, tena upande wa kulia wa barabara. Hudhaifa kazi yake kusoma ramani, naye anaisoma baada ya njia kupita. Na tangi la choo limejaa, hakuna anayetaka kulimwaga."

"Nani kalijaza?"

"Sote."

"Basi limwageni nyote. Watu wazima watatu mnashindwa na ndoo!"

Kisha wakapanda milimani. Barabara ilijikunja ukingoni mwa genge, mvua ilinyesha, na Maher, aliyekuwa hajala tangu daku, alianza kuona alama za barabarani mbili mbili. Alisimamisha gari, akaweka kichwa kwenye usukani.

"Wewe ni msafiri," alisema Hudhaifa, safari hii kwa busara. "Roho zetu zimo mikononi mwako. Kula, utalipa."

Maher akala mkate na samaki wa kopo. Hapakuwa na dhambi yoyote katika mkate ule. Ruhusa ya msafiri anaijua kila mtoto aliyepita chuo cha Kurani: hula, kisha huzilipa siku zake baada ya Ramadhani. Jambo hilo lingekwisha hapo, lau mwenye kula angekuwa na kinywa cha kusemea kama alivyokuwa na kinywa cha kulia.

Jioni simu ikalia. Thuraiya alionekana kwenye kioo cha simu akiwa amevaa dira la kijani, nywele zimefunikwa kwa leso, mbele yake muhogo wa nazi na kipande cha changu wa kuchoma, vyote vimekwisha kupoa.

"Funga imekuwaje leo, roho yangu? Na milima yote hiyo?"

Leo sikufunga. Maneno mawili, na mwanamume mwenye ndevu akashindwa kuyatamka. Aliitazama sahani iliyomngoja, akaona haya, na haya hiyo ikampeleka pabaya kuliko genge.

"Alhamdulillahi. Kiu kidogo tu."

Akachukua tende, akafumba macho, akasema bismillahi kwa sauti ya mtu aliyekauka koo. Thuraiya naye akala. Kesho yake Maher aliendesha tena, akala tena mchana, na jioni akafumba macho tena. Gharnata yenyewe, mbele ya ngome nyekundu aliyotumwa kuiona, alifuturu hivyo hivyo, na shibe yake ya mchana haijashuka.

Siku mbili baadaye, Thuraiya aliivunja sheria yake mwenyewe akapiga simu wakati wa masomo. Mzee Thabit alikuwa ametamka asubuhi ile kwamba baada ya Idi wazee wa Maher waje. Thuraiya alitoka chumba cha walimu karibu akimbie, akasimama nyuma ya tangi la maji ya mvua, akapiga.

Simu ikapokewa na Hudhaifa. "Shemeji! Ngoja kidogo, Maher anamalizia kula, kinywa kimejaa. Hawezi kusema."

Thuraiya akangoja. Akasikia kijiko kikianguka. Akasikia Maher akisema, "Umemwambia nini, mjinga wewe?" Kisha Maher mwenyewe akaja.

"Thuraiya, sikiliza. Mimi ni msafiri. Kisheria..."

"Sikukuuliza sheria."

"Aya iko wazi kabisa."

"Aya naijua, Maher. Nimeihifadhi kabla sijajua kuzidisha."

"Basi kosa langu ni nini?"

"Jana ulipofumba macho ukatia tende kinywani, ulikuwa umefunga?"

"Jana niliendesha mchana kutwa."

"Na juzi?"

"Juzi... hapana. Lakini mpenzi, mtu akiwa safarini..."

"Lahaula! Nazungumza na nani mimi? Ungekula ng'ombe mzima mchana ukaniambia, ningecheka. Wewe umenikalisha mbele ya simu ukaniigizia."

Akakata. Maher, badala ya kukaa akafikiri, alitafuta mawaidha ya shehe mmoja kuhusu saumu ya msafiri, marefu kama barabara ya Mkoani, akamtumia. Kisha akatuma mengine. Thuraiya akajibu neno moja, "Hujaelewa," akaifunga namba yake isimfikie.

Nyumbani hakusema kitu. Kusema kungekuwa kumwaibisha Maher mbele ya wazazi, na siri ya mtu hakuitaka mdomoni mwake. Lakini aliazimia: siku ya posa babake atakapotuma aulizwe kama anaridhika, kama ilivyo haki yake, atajibu hapana. Mtu anayeweza kuigiza mbele ya tende ataigiza mbele ya mengine.

Maher alirudi baada ya Idi, akamsubiri nje ya shule.

"Nimeanza kulipa siku zangu," alisema kwa haraka. "Sitakula tena safarini, hata nikifa."

"Kwa hiyo unadhani nimekasirika kwa kuwa ulikula."

"Si ndivyo?"

Thuraiya alimtazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeelezwa jambo kwa njia nne. "Nenda nyumbani, Maher," alisema, na kweli alikuwa amechoka.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, Mzee Thabit alimpigia simu shangazi yake Maher. "Njooni leo, Bi Abeer, mchana. Na muoaji mwenyewe aje."

"Muoaji haendi kwenye posa yake, Mzee. Hata sisi hatukwenda hivyo."

"Mimi nataka nimwone akila. Nitamjua."

Kwa hiyo Maher, ambaye alikuwa amekwisha kutia nia ya saumu alfajiri ile, alijikuta Jadida ndani ya kanzu nyeupe na kofia ya viua, kando ya shangazi yake na jirani yao Mzee Jecha, mbele ya sinia la biriani la nguru ambalo Bi Asya alianza kulipika tangu jua halijachomoza. Zabibu zilimeremeta juu ya wali. Wenzake wakanawa. Yeye hakunawa.

"Karibu, kijana," alisema Mzee Thabit.

"Nimekaribia, Mzee. Shukrani."

"Mbona huli?"

Bi Abeer akamfinya. Maher akainamisha kichwa. "Nimefunga."

Nyuma ya pazia, Bi Asya aliushika mlango. "Yarabi! Kaletwa kula, kafunga!" Akamgeukia binti yake, aliyekuwa ameketi kitandani na sahani yake haijaguswa. "Na wewe? Usiniambie nawe umefunga!"

"Mama, nami nadaiwa siku zangu," alinong'ona Thuraiya.

Bi Asya akaiondoa sahani. Deni hilo la wanawake baada ya Ramadhani haliulizwi mara mbili.

Ukumbini uso wa Mzee Thabit ulikuwa umefunguka. "Mashaallah! Mnaona, jamani? Vijana wenzake Idi ikiisha wako kwenye soda. Huyu anafunga zile siku sita za Shawwal, sunna ambayo hata wazee tunaipuuza! Lakini sunna ina nafasi, mwanangu. Mgeni huruhusiwa kuifungua kwa kumridhisha mwenyeji. Kula, na thawabu yako ipo."

Mzee Jecha akaitikia, "Naam, naam." Bi Abeer, ambaye hakujua lolote, akajinyoosha kwa fahari. Nyuma ya pazia Thuraiya alisogea karibu asikilize. Hakuna aliyekuwa akimlazimisha Maher kusema kitu. Kunawa tu kungetosha, na binti angekuwa wake mbele ya babake.

Maher alinyoosha mkono kuelekea birika la kunawia. Ukasimama njiani. Zile sifa zilikuwa na ladha aliyoijua, ladha ya tende iliyoliwa kwa macho yaliyofumbwa, na ndipo kwa mara ya kwanza akaelewa alichokuwa akiambiwa muda wote huo.

"Si sita, Mzee," alisema. "Si sunna. Ninalipa. Safarini nilikula mchana."

"Ulikuwa msafiri. Ruhusa ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo. Lakini kila jioni nilimfanya mtu mmoja aamini kuwa nimefunga, naye alikuwa ameiweka sahani yake akinisubiri. Kwa hilo sikuwa na ruhusa ya mtu yeyote."

Bi Abeer akafunika uso kwa mtandio. Mzee Thabit alilirudisha tonge lake kwenye sinia.

"Siku ngapi unadaiwa?"

"Sijui hasa, Mzee."

"Hujui!" Mzee alipiga goti lake. "Gari umelijua, ramani umeijua, siku zako huzijui? Basi funga mpaka upate yakini, na ukikosea, kosea kwa kuzidisha. Asya! Kamuulize binti yako."

Bi Asya hakuwa na haja ya kwenda mbali. Alirudi akiwa na uso wa mtu aliyepika sinia zima kwa watu wawili waliofunga.

"Anasema ameridhika," alisema. "Na anasema asipigiwe simu mpaka huyu bwana amalize kulipa. Sasa jamani, kuleni, Jecha peke yake hawezi!"

Maher akarudi Micheweni akafunga. Masika yalinyesha juu ya mawe, shangazi yake akalalamika kuwa harusini kanzu itamvaa yeye badala ya yeye kuivaa, na Saud akatuma ujumbe kuuliza nani atalipia kile kioo cha gari, asijibiwe. Maher alifunga siku alizozikumbuka, kisha alizozitilia shaka, kisha mbili juu yake ili moyo utulie. Jioni ya siku ya mwisho aliketi kibarazani peke yake, macho wazi, mpaka adhana ya Magharibi ikatoka. Akanywa maji, akala, na deni lake likaisha.