Santuri za Marehemu Idarusi

Uweso hakuwa na kazi. Kiwanda cha kamba kiliuzwa, mnunuzi akang'oa mashine, akafunga geti. Hakuwa na pensheni. Hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na baiskeli, hakuwa na mtoto wa kumtuma wala ndugu wa kumkopa. Usingizi nao haukuwapo tangu Ramadhani. Mkewe, Tuhfa, alikuwa na uvimbe shingoni uliomziba pumzi, akawa analala ameketi, mgongo ukutani. Uweso alikaa macho akimsikiliza. Daktari alisema akapasuliwe Mombasa, na asikawie. Mombasa ilitaka fedha.

Kitu kimoja alikuwa nacho. Alizijua santuri.

SAA MBILI ASUBUHI

Chumba cha nyuma cha duka la redio, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani. Mlango umekomewa. Watu watatu juu ya makreti ya soda.

Yakoub ndiye aliyesema. Alikuwa Mpemba wa Wete, mwembamba, aliyefungwa zamani kwa magendo ya karafuu na kutoka gerezani na adabu nyingi na huruma kidogo. Mzee Idarusi amefariki alfajiri, alisema. Atazikwa baada ya adhuhuri. Chumbani kwake lipo kabati la santuri, na ndani ya kabati zimo za Pongwe Jazz, toleo la kwanza. Mdenishi mmoja alikuwa akizitafuta mwaka mzima kwenye mtandao. Yakoub alijibizana naye katika duka la kompyuta karibu na sokoni, Uweso akimtajia la kuandika. Sasa Mdenishi amekuja mwenyewe. Yuko hotelini Mombasa, anangoja.

"Nyumba ya msiba ina mlango gani?" Yakoub aliuliza.

"Haina," alisema Rahimu, dereva. Pikapu ilikuwa ya shemeji yake.

"Basi tumeshaingia."

Kila mtu Tanga alijua. Mtu akifa, nyumba hutolewa vyombo ili mikeka itandikwe. Makochi, vitanda na makabati huenda kwa majirani. Mwenye mikono hubeba, wala haulizwi anapeleka wapi. Watavaa kanzu, watabeba kabati, watasema linakwenda kwa mpwa wa marehemu, Makorora. Uweso atachambua zilizo halisi. Saa saba wawe njiani kwenda Horohoro, mpakani.

Uweso alitazama mikono yake. Ujanani alikuwa mtumishi wa duka la Idarusi. Ni Idarusi aliyempeleka Nairobi bendi iliporekodi, akabeba ngoma, akamwona fundi akikwaruza namba kwenye sahani kwa ncha ya msumari. Ni Idarusi aliyesimamia harusi yake.

"Kama unamwonea haya maiti, sema sasa," Yakoub alimwambia.

"Namwonea haya aliye hai," alisema Uweso. "Twende."

SAA TATU NA NUSU

Ilikuwa rahisi mno. Bi Asmahani, mjane, alikuwa chumba cha ndani na wanawake. Shekhe, mwanawe mkubwa, alisimama barazani akipokea mikono. Alipomwona Uweso alimkumbatia, akamwita ami, akalia begani pake. Kisha akasema kabati la baba ni zito, ami angalie mgongo.

Wakalibeba. Watu wawili wasiowajua wakawasaidia kulipandisha kwenye pikapu. Mmoja aliwaombea thawabu.

SAA TANO

Chumba cha nyuma tena. Santuri zilijaa sakafu nzima. Uweso alipiga magoti.

Nyingi zilikuwa matoleo ya baadaye, na nyingine bandia kabisa, zile zilizoanza kuletwa biashara ilipofunguliwa, nembo zake zimetolewa fotokopi. Alizipima kwa kiganja. Ya toleo la kwanza ni nzito, ukingo wake mnene. Aligonga kwa ukucha, akasikiliza. Mwisho aliigeuza kwenye mwanga, akatafuta pale karibu na nembo ambapo mistari inakwisha. Kama namba imegongwa kwa mashine, aliiweka kushoto. Kama imekwaruzwa kwa mkono, ile saba yenye mkia ikiinama kama mlevi, aliiweka kulia.

Kulia zilibaki kumi na moja.

"Hizi tu?" Yakoub alisema. "Kabati zima?"

"Hizi ndizo. Nyingine funikia mitungi."

Rahimu alicheka. Yakoub hakucheka. Alizifunga kwenye kitambaa, akaziweka mapajani, na tangu hapo hakumpa mtu kuzishika.

SAA SABA NA NUSU

Walichelewa. Rahimu alikwenda kutafuta petroli, akakuta foleni. Walipoingia barabara ya kutokea, jeneza lilikuwa mbele yao.

Lilikuja juu ya mabega, limefunikwa shali ya kijani, na watu wameijaza njia wakitaja tahlili. Rahimu alizima injini bila kuambiwa. Mkono wake ulikwenda kwenye kitasa. Mtu wa pwani hakai garini jeneza linapopita. Hushuka, huingiza bega, huenda hatua chache, humpisha mwingine. Watoto hujifunza hivyo kabla ya kusoma.

"Kaa," alisema Yakoub.

Rahimu alikaa.

Uweso alikuwa mlangoni. Aliona shali. Aliona nyuso zote alizozijua zikiitazama pikapu, na yeye ndani, kofia kichwani.

"Hatua saba tu," alisema.

"Ukishuka hatukungoji."

Alishuka.

Bega lake liliingia chini ya mti wa jeneza. Uzito ulimshuka hadi kisiginoni. Alipozimaliza zile hatua, akageuka kumpisha mtu, lakini nyuma yake hapakuwa na mtu aliyetaka kumpokea. Walimwona ni mtu wa karibu, wakamwachia. Akabeba hadi kona. Alipotazama nyuma, pikapu haikuwapo tena.

Makaburini alisimama karibu na Shekhe. Hakuwa na pa kwenda. Mpwa wa Makorora naye alikuwapo, mikono imejaa udongo. Shekhe alimshukuru kwa kulihifadhi kabati la baba.

"Kabati gani?" mpwa alisema.

Shekhe akamgeukia Uweso. Wakangoja talkini iishe, wakaitikia dua, kisha watu wanne wakamshika mikono taratibu, kama wanavyoshikwa wafiwa, wakampeleka polisi.

SIKU YA TATU

Hakumtaja mtu. Polisi walimuuliza asubuhi na jioni, naye alisema alikuwa peke yake, jambo lisilowezekana kwa kabati lile.

Rahimu alikuja mchana na hotipoti, akajiandikisha kuwa ni mpwa wa Uweso. Askari alifungua, akaona ugali na dagaa, akaondoka. Chini ya ugali, ndani ya mfuko wa nailoni, mlikuwa na karatasi, kalamu na bahasha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Amekutuma?"

Rahimu alisema kwa kunong'ona. Mdenishi amekataa kununua. Ameuziwa bandia mara mbili, hamwamini mtu. Anataka neno la yule mzee aliyebeba ngoma Nairobi, kwa mkono wake, lenye alama za kuzitambua. Yakoub amekwama hotelini. Anasema Uweso aandike, naye atampeleka Tuhfa hospitali.

"Atampeleka?"

Rahimu alitazama chini. "Hatampeleka. Namjua, nawe wamjua. Jioni nimkabidhi barua Horohoro. Fungu lako kaniahidi mimi."

Uweso aliutoa ule mfuko chini ya ugali. "Tuhfa umemwona?"

"Hiki chakula kapika yeye. Nilikaa barazani kukingoja. Nilimsikia akipumua, mzee. Nilimsikia nikiwa nje."

Uweso aliinamia karatasi. Aliandika alama zote, na namba, na ile saba. Aliandika kwamba ni halisi, akatia sahihi. Nyumba ya Idarusi ilikuwa inaibiwa mara ya pili, kwa mkono wake mwenyewe, na alijua. Kisha juu ya bahasha akaandika jina la Najat, dada wa Tuhfa, muuza nazi wa soko la Kongowea, Mombasa, mwanamke ambaye hata askari wa soko walimkwepa. Ndani akatia kipande chenye maagizo kwa Najat, kisha akamweleza Rahimu. Aitume posta, kisha amwambie Yakoub kwamba barua iko kwa Najat, na Najat hataitoa mpaka Tuhfa atoke chumba cha upasuaji ameshonwa.

"Atanichinja," alisema Rahimu.

"Huenda."

Gundi ya bahasha ilikuwa imekufa kwa unyevu. Uweso alichukua tonge la ugali, akalipaka kwenye ukingo, akakandamiza kwa kidole gumba mpaka likashika.

Posta, Rahimu alisimama kwenye foleni. Zamu yake ilipofika aliona mlango uko wazi, na pikapu nje, na Horohoro, anakongoja Yakoub, mwendo wa saa moja tu kutoka pale. Akasema anataka kuituma barua kwa rejista.

Karani aliibonyeza ile bahasha, akauliza imebandikwa na nini. Rahimu alisukuma hela ya stempu. Karani akagonga muhuri, akaitupa kwenye mfuko wa Mombasa, akamwita anayefuata.